Utamu wa Tamasha la Gemu Uko Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwarudiwa na watu wanaojiandaa kwenda kwenye tamasha la gemu kwa mara ya kwanza. Mengine yanatoka kwa waliokwisha kwenda, wakarudi wakijiuliza mbona wenzao walifurahi zaidi. Majibu yana upendeleo, na ni vizuri uujue mapema: hapa tunathamini yale usiyoweza kuyapata ukiwa umekaa nyumbani kwako. Mengine yote yanaweza kusubiri.

## Misingi

Tamasha la gemu ni kitu gani hasa?

Ni mkusanyiko wa siku mbili hadi nne hivi katika kumbi kubwa za maonyesho. Kampuni na watengenezaji wadogo huleta gemu zao, zilizokwisha kutoka na ambazo bado, watu wakazijaribu. Mbali na mabanda hayo huwa kuna jukwaa la mijadala, uwanja wa mashindano, ukumbi wa gemu za zamani, meza za gemu za kadi na za ubao, soko la fulana na vinyago, na watu waliovaa kama wahusika wa gemu wanazozipenda (kosplei). Hakuna anayevimaliza vyote. Anayejaribu huondoka na miguu iliyovimba, na anachokikumbuka zaidi ni korido.

Matamasha yote ni mamoja?

Hapana, na kuchanganya aina zake ndicho chanzo kikubwa cha watu kurudi wamenuna.

E3 ya Los Angeles, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa ya wafanyabiashara na waandishi wa habari kwa miaka mingi. Umma ulifunguliwa mlango kwa tiketi za kununua mwaka 2017, na Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba imekufa moja kwa moja. Gamescom, inayofanyika Cologne, Ujerumani, tangu 2009, ni ya watu wote na hupokea zaidi ya watu laki tatu kwa mwaka mmoja. Tokyo Game Show ilianza 1996, na siku hizi hufanyika Makuhari Messe katika mji wa Chiba. Siku zake za mwanzo ni za biashara, za mwisho ndizo za umma, kwa hiyo soma tiketi yako kabla ya kupanda treni.

PAX ilianzishwa mwaka 2004 karibu na Seattle na Jerry Holkins na Mike Krahulik, wenye katuni ya mtandaoni ya Penny Arcade, na tangu siku ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya mchezaji wa kawaida. BlizzCon ni ya kampuni moja, Blizzard, ukiipenda kampuni hiyo. MAGFest ya Marekani huchanganya muziki na gemu, na kumbi zake hazilali usiku. GDC ya San Francisco ni ya watengenezaji, na mchezaji asiye na shughuli ya kitaaluma atajiona amepotea njia.

Kwa nini nihangaike kwenda, wakati matangazo yote yanarushwa mubashara?

Kama kiu yako ni trela, kaa nyumbani. Utaziona kwa ubora zaidi, bila kichwa cha mtu mrefu mbele yako, na utaweza kuzirudia.

Kinachokosekana kwenye skrini yako ni umati. Mwaka 2004, katika mkutano wa Nintendo wakati wa E3, trela ya gemu mpya ya Zelda ilipokwisha (baadaye ikaitwa Twilight Princess), Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Zelda, alitokea jukwaani ameshika upanga na ngao. Tazama rekodi yake leo: trela yenyewe imezeeka, lakini mayowe ya ukumbi bado yanasisimua. Mwaka 2019, mwigizaji Keanu Reeves alipokuwa akitambulisha gemu ya Cyberpunk 2077, mtu mmoja katikati ya watazamaji alimkatiza kwa sauti akimsifia, naye akamrudishia sifa zilezile palepale. Ndilo jambo ambalo watu wengi wanalikumbuka kutoka E3 ya mwaka ule.

Lakini vilele vya namna hiyo havipangwi, vinakukuta tu. Unachoweza kukipanga ni kucheza vitu visivyochezeka kwingine. Hayo yako kwenye sehemu inayofuata.

Ni lazima niwe hodari wa kucheza?

Hapana. Watengenezaji wengi hufurahi zaidi wakimpata mtu asiyejua, kwa sababu hodari hupita makosa yao bila kuyaona.

Niende siku gani?

Kama matamasha mengine, Jumamosi ndiyo mbaya kwa foleni na ndiyo nzuri kwa kosplei. Siku ya kwanza ina mashine zinazogoma na wahudumu wenye nguvu. Siku ya mwisho ina wahudumu waliokauka koo, lakini ndiyo siku ya bei kushuka sokoni na ya watengenezaji kuongea ukweli, maana wamechoka kutangaza biashara. Ningelazimika kuchagua moja, ningechukua ya mwisho.

## Kucheza

Foleni ya saa tatu kwa kionjo cha dakika ishirini: inafaa?

Mara nyingi haifai. Kipimo changu ni kimoja: gemu hiyo itakuwa sokoni ndani ya miezi michache? Kama ndiyo, ondoka kwenye foleni. Unabadilisha asubuhi nzima kwa kitu ambacho utakicheza hadi ukinai.

Isipokuwa pale ambapo chombo chenyewe ndicho habari. Mwaka 2006, milango ya E3 ilipofunguliwa, watu walikimbia kwenda banda la Nintendo kushika Wii, mashine yake mpya ya gemu. Walikuwa na sababu. Padi inayofuata mwendo wa mkono haikueleweka kwa kusoma wala kwa kutazama, ilibidi uishike. Miwani ya uhalisia pepe iko hivyohivyo hadi leo, na vilevile usukani wenye viti vinavyotikisika.

Ukiamua kupanga foleni, panga mara milango inapofunguliwa, au wakati tukio kubwa linaendelea jukwaani na kumbi zimepungua watu. Usitegemee saa ya mwisho. Foleni za gemu kubwa hufungwa mapema, na mhudumu mwenye kibao cha "foleni imejaa" hana hiari ya kukuonea huruma.

Ni gemu gani nizitafute ambazo nyumbani haziwezekani?

Hili ndilo swali ambalo watu wangeuliza kwanza kama wangelijua. Tafuta gemu zinazohitaji miili mingi mahali pamoja, au mashine ambayo hakuna mwenye akili timamu angeiweka chumbani kwake. Nitataja chache.

Johann Sebastian Joust haina skrini kabisa. Kila mchezaji hushika padi ya PlayStation Move, ile yenye mpira unaowaka nchani. Muziki wa Bach unapigwa. Ukipigwa polepole, lazima nawe usogee polepole, kwani padi yako ikitikiswa kidogo tu umetoka. Ukiharakishwa, una nafasi ya kuchupa na kumsukuma mwenzako mkono. Utaona watu wazima wakinyata kwa mgongo uliopinda, mkono mmoja nyuma wakilinda taa yao, mwingine mbele wakiwinda. Ni gemu ya nadra inayomfaa mtazamaji kuliko mchezaji, na yenyewe huvuta umati popote inapowekwa.

Killer Queen ni ya watu kumi: watano kwa watano, kwenye makabati mawili makubwa yaliyowekwa sambamba. Kuna njia tatu za kushinda, nazo ni kumuua malkia wa wapinzani mara tatu, kujaza matunda kwenye mzinga, au kumpanda konokono na kumfikisha golini. Timu zinapokuwa zimezama kwenye vita, mara kuna mtu anapiga kelele "konokono!" na wote wanagundua kwamba mgeni mmoja, aliyejiunga dakika mbili zilizopita, amekuwa akisogea kimyakimya karibu na ushindi. Ukiwa huijui gemu, kuwa mtu wa konokono.

Artemis, ya mwaka 2010, huwafanya watu sita kuwa wafanyakazi wa chombo cha angani. Mmoja anaendesha, mwingine ana silaha, mwingine injini, mwingine vipimo, mwingine mawasiliano. Nahodha hana kitufe chochote cha kazi. Anaweza kuuliza na kuamuru tu. Cheza na watu usiowajua, kisha uone ni nani anayenyamaza mambo yakiharibika.

Halafu kuna Steel Battalion, gemu ya Xbox ya mwaka 2002 ya kuendesha roboti, yenye dashibodi ya vitufe karibu arobaini, vishikio viwili na pedali tatu. Kuna kitufe cha kuruka nje ya roboti kilichofunikwa kwa kifuniko. Usipokibonyeza kwa wakati roboti ikilipuka, gemu hufuta maendeleo yako yote. Tamashani huna cha kufutiwa, lakini utashangaa jinsi mkono unavyotetemeka ukikifunua.

Kwa nini ukumbi wa gemu za zamani umejaa televisheni za chogo? Si ushamba?

Ni lazima, hasa kwa gemu za kulenga kwa bunduki ya kuchezea. Chukua Duck Hunt ya Nintendo, ya mwaka 1984. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha mraba mweupe unachorwa mahali alipo bata. Bunduki haitoi kitu, inapokea. Ndani yake kuna kihisi cha mwanga, na mashine inauliza: umeona mweupe wakati huu hasa? Televisheni ya chogo huchora picha papo hapo mawimbi yanapofika. Skrini bapa huipokea picha, huichakata, ndipo huionyesha, na kuchelewa huko kunatosha kumfanya kila bata awe salama. Ndiyo maana ukiunganisha mashine hiyo na televisheni ya kisasa utafyatua hadi jioni bila kupata hata mmoja.

Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee (2001) nao hung'ang'ania chogo kwa sababu hiyohiyo ya ucheleweshaji. Kwenye mashindano yao utaona watu wakibeba mazigo haya kwenye ngazi, jasho likiwatoka, kwa ajili ya vipande vya sekunde.

Ukiwa humo, usikose mashine mbili. Vectrex ya 1982 ina skrini yake yenyewe, na huchora mistari ya mwanga moja kwa moja badala ya kupanga nukta. Ule mng'ao hauigiki kwenye simu. Virtual Boy ya 1995 huonyesha picha nyekundu za kina ndani ya miwani mizito iliyosimamishwa mezani. Ilifeli vibaya sokoni, na dakika tano zitakuonyesha kwa nini. Shingo ndiyo itakayokueleza.

Nimefika kwenye banda la mtengenezaji mdogo, na yeye amesimama nyuma yangu ananitazama. Nifanye nini?

Cheza. Usiombe radhi kwa kufa, usijifanye umeelewa. Yeye hatazami alama zako. Anatazama mahali unapositasita, na wengi huangalia mikono na uso wako kuliko skrini.

Msaidie kwa kuwaza kwa sauti: "nadhani huu mlango unafunguka... kumbe hapana." Sentensi hiyo ina thamani kuliko "gemu nzuri, hongera." Nimewahi kuona kibandiko cha karatasi kimeongezwa kando ya skrini jioni, kwa sababu asubuhi nzima watu walikwama kwenye mlango uleule. Kesho yake kibandiko hakikuwepo tena. Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine ndani ya gemu, kazi iliyofanywa hotelini usiku. Kwangu hakuna trela inayoshinda kuona hilo.

Ukimaliza, uliza ni kitu gani alikiondoa na kwa nini. Jibu la swali hilo huwa refu na huwa zuri. Usimwambie kwamba una wazo la gemu. Ameshasikia mengi leo.

Mabanda haya huwa pembeni, yamebanwa. Katika PAX East ya 2012 watengenezaji wadogo kadhaa walijikusanya chini ya mwavuli wa Indie Megabooth ili wapate eneo kubwa kama wakubwa, na mtindo huo ukaenea. Popote ulipo, tafuta eneo la namna hiyo kwanza, kabla hujachoka.

Nicheze kwa muda gani kabla ya kumpisha mwingine?

Kama kuna mtu anasubiri, kufa mara mbili au tatu kunatosha. Kama hakuna, endelea mpaka uchoke. Banda lenye mtu anayecheza huvuta wengine.

## Jukwaa, mashindano na umati

Kutazama watu wengine wakicheza kuna raha gani?

Kuna raha ukijua kanuni moja tu ya gemu inayochezwa. Mfano maarufu ni mashindano ya Evo ya mwaka 2004, gemu ya Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara alikuwa na uhai mwembamba kama uzi. Justin Wong, mpinzani wake, akimtumia mhusika Chun-Li, aliachia pigo kubwa lenye mateke 15 mfululizo. Katika hali ile hata kujikinga kwa kawaida kungemuua Daigo. Njia pekee ilikuwa kupangua kila teke kwa kusukuma joistiki kuelekea kwa adui kwa wakati sahihi kabisa, mara 15, na kukosea mara moja ndio mwisho. Alipangua yote, akajibu, akashinda raundi. Umati ulianza kupiga kelele kabla mateke hayajaisha, kwa sababu kila aliyekuwemo alijua kinachohitajika. Daigo hakutwaa ubingwa siku ile, na karibu hakuna anayekumbuka nani aliutwaa.

Kwa hiyo ukikaa, mgeukie jirani umwombe akueleze. Mashabiki wa gemu za mapigano hupenda kufundisha kuliko hata kucheza.

Mijadala ya jukwaani inafaa?

Ile ya "mustakabali wa gemu" ruka. Nenda kwenye ile yenye mada nyembamba mno: mtu mmoja akieleza sauti za nyayo, au mchoraji akionyesha wahusika waliokataliwa. Ukipewa kipaza sauti, uliza swali moja lenye alama ya kuuliza mwishoni. Kila tamasha lina mtu anayehadithia maisha yake kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima humchukia kwa adabu.

Hao wanaobeba kompyuta zao wenyewe wanafanya nini?

Wanaunganisha mashine zao kwenye mtandao mmoja wa ndani na kucheza pamoja mchana na usiku. QuakeCon ya Texas ilianza hivyo mwaka 1996. DreamHack ya Sweden ilianza na vijana wachache katika mji mdogo wa Malung mwaka 1994, ikahamia Jönköping na kuwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa zaidi ya aina hiyo duniani. Raha yake ni kwamba aliyekupiga risasi yuko safu tatu mbele yako, na unamsikia akicheka.

Beba kebo ndefu ya mtandao, soketi ya ziada, na vipokea sauti vya kufunika masikio. Weka alama kwenye kila kitu chako.

Kuna mashindano ambayo hata mimi naweza kujikuta ndani yake?

PAX wana Omegathon. Washiriki huchaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa wenye tiketi, wanashindana siku zote za tamasha, na gemu ya fainali hubaki siri mpaka sherehe ya kufunga. Mara nyingi huwa kitu cha zamani, au cha kipuuzi kwa makusudi, mbele ya maelfu ya watu wanaoshangilia kana kwamba ni kombe la dunia. Hata kama hukuchaguliwa, usikose fainali.

Na zile mbio za kumaliza gemu haraka?

Games Done Quick hufanya mbio hizo mara mbili kwa mwaka, wiki nzima bila kuzima, zikichangisha fedha za hisani. Ya Januari huchangia Prevent Cancer Foundation, ya katikati ya mwaka huchangia Madaktari Wasio na Mipaka. Wengi huzitazama mtandaoni, na mtandaoni zinatosha kabisa. Kinachokuhitaji ufike ni chumba cha mazoezi, ambapo mabingwa wanakaa begani kwako wakirudia kuruka kulekule kwa saa nzima, na hawaoni shida kukueleza kwa nini ukuta ule unapitika.

## Watu

Naenda peke yangu. Nitaonekana mpweke?

Utakuwa huru. Makundi hupoteza nusu ya siku yakisubiriana mlangoni mwa choo. Mtu mmoja hupata nafasi pale ambapo watatu hukosa, maana gemu ya watu wanne karibu kila mara inatafuta mmoja.

Kama unaona haya kuanzisha mazungumzo, nenda kwenye meza za gemu za ubao na usimame karibu, utaitwa. Au keti kwenye eneo la mashine za mkononi, lile lenye mito mikubwa sakafuni. Enzi za Nintendo 3DS mashine zilisalimiana zenyewe mifukoni, na lango la kwenye skrini la kupokea wageni hao lilikuwa na nafasi ya watu kumi kwa mkupuo. Tamashani lilijaa kabla hujamaliza kuwasoma wa kwanza, ukafuta ukaanza upya. Wapo ambao bado hubeba mashine hizo kwa ajili hiyo tu. Taa ya kijani ikiwaka, utaona kichwa kikiinuka kumtafuta mwenzake.

Naweza kupiga picha waliovaa kosplei?

Uliza kwanza, kila mara. Wengi watakubali na kukupa pozi. Usiguse vazi wala mtu. Usimsimamishe mtu katikati ya njia, msogeze pembeni. Anayekula ameacha kazi, mwache ale. Anayekataa hana haja ya kukupa sababu.

Kama wewe ndiye unayevaa, soma kanuni za silaha za kuigiza za tamasha hilo kabla ya kutengeneza. Hukaguliwa mlangoni, na chuma halisi karibu kila mahali hairuhusiwi. Beba gundi na pini. Viatu ndivyo vitakavyokuangusha, si upanga.

Nikikutana na mtengenezaji ninayempenda nimwambie nini?

Taja kitu kimoja mahususi alichokifanya: wimbo fulani, hatua fulani, mzaha uliofichwa. Kisha mwachie nafasi. Dakika mbili zinatosha, na hilo atalikumbuka kuliko picha ya pamoja.

Zile pini za kwenye kamba shingoni ni za nini?

Za kukusanya na kubadilishana. PAX hasa wana utamaduni huo tangu 2013. Anayezivaa kwenye kamba mara nyingi yuko tayari kuulizwa, ingawa zipo ambazo hazitoki shingoni. Ni kisingizio kizuri cha kuongea na mtu usiyemjua, na kwa mimi nisiyejali pini, hiyo ndiyo faida yake pekee.

## Mwili

Kwa nini kila mtu huugua akirudi?

Maelfu ya mikono, padi zilezile, usingizi mfupi. Mwaka 2009 homa ya mafua ya H1N1 ilisambaa miongoni mwa waliohudhuria PAX huko Seattle. Tumia kitakasa mikono baada ya kila banda, kunywa maji kabla ya kiu, na kama una homa usiende.

Kelele zinanichosha. Nifanyeje?

Vaa vizibo vya masikio. Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mpaka unaotumiwa sana kazini kulinda masikio, na kumbi kuu karibu na majukwaa huwa juu ya hapo. Matamasha kadhaa yana chumba cha utulivu, PAX wanacho chenye watu waliofunzwa kusikiliza. Kakitafute siku ya kwanza, kabla hujakihitaji.

Naweza kwenda na mtoto?

Ndiyo, lakini angalia utaratibu wa umri. Gamescom hutoa mikanda ya mkononi kulingana na umri, na maeneo ya gemu za miaka 16 na 18 yamezibwa hata yasionekane kutoka nje. Anza asubuhi na gemu za zamani (tazama swali la televisheni za chogo), ondoka kabla mtoto hajaanza kulia. Dalili huwa ni ukimya.

## Hali za pekee

Nina kifafa kinachochochewa na mwanga. Ni salama?

Zungumza na daktari wako, kisha waandikie waandaaji mapema. Taa za majukwaa makubwa humetameta bila onyo, na skrini kubwa ziko kila upande. Kumbi za gemu za ubao na za mijadala ndizo tulivu zaidi.

Nina ulemavu na siwezi kusimama foleni.

Matamasha makubwa hutoa kibandiko au beji maalumu, na mhudumu hukupangia saa ya kurudi. Ombi hufanyika kwenye dawati la huduma mara unapofika, au kabla, kwa barua pepe. Omba hata kama huna kiti cha magurudumu. Maumivu yasiyoonekana nayo huhesabiwa.

Wamenionyesha gemu nyuma ya pazia. Naweza kusimulia?

Kama ulisaini ahadi ya siri, hapana. Kama hukusaini lakini simu ziliwekwa kwenye mifuko, uliza hapohapo unachoruhusiwa kusema. Mara nyingi maneno yanaruhusiwa, picha haziruhusiwi.

Kionjo kilikuwa kizuri mno. Niagize gemu mapema?

Subiri. Kionjo cha tamashani hutengenezwa peke yake, kikapakwa rangi zote nzuri kabla gemu nzima haijasimama. Watch Dogs ilionyeshwa E3 ya 2012 ikawaacha watu midomo wazi, na ilipotoka 2014 malalamiko yalikuwa kwamba picha zake zilikuwa zimepungua. Kinyume chake pia ni kweli: kionjo kinachoganda cha mtengenezaji mdogo hakimaanishi chochote, hasa siku ya kwanza.

Gemu niliyoiona tamashani haikutoka kamwe. Hutokea?

Hutokea sana. Prey 2 ilionyeshwa E3 ya 2011, Star Wars 1313 mwaka 2012, na zote zilifutwa. Scalebound ilichezwa jukwaani Gamescom 2015, ikafutwa Januari 2017. P.T. ilitoka kama kionjo cha bure wakati wa Gamescom 2014, lakini gemu ambayo kionjo hicho kiliitangaza ilifutwa mwaka uliofuata, na kionjo chenyewe kikaondolewa dukani.

Kwa hiyo jioni, kabla ya kulala, andika ulichocheza: vitufe vilifanya nini, hatua ilianzaje, mhudumu alisema nini. Kama picha zinaruhusiwa, piga picha ya banda pia, siyo skrini peke yake. Gemu ikifutwa, wahifadhi historia huuliza mambo hayohayo.